Tasa Saba

Stakabadhi ya kituo cha Wete, karatasi nyembamba
kama ganda la kitunguu, wino wa buluu:
laki tano na kumi elfu, mia tano na kumi.
Karafuu za mwisho za baba. Alizichuma Mtambwe mwenyewe,
hakujaaliwa kuziona zikikauka.

Maalim Shaame alikaa jamvini, akavua miwani, akaivaa.
"Mafungu manane. Mjane, moja.
Wanaume wawili, mawili mawili.
Wanawake watatu, moja moja."
Akagawa. Akafuta. Akagawa tena.
Sitini na tatu elfu, mia nane na kumi na tatu kila fungu,
zikabaki shilingi sita
ambazo hazinunui hata kiberiti.

Shangazi Mize hakutajwa.
Siku kumi na moja alizianika yeye,
akazianua kila wingu lilipopita,
akazichambua mpaka ncha za vidole zikaingia rangi.
Lakini dada wa marehemu, mbele ya wana wa kiume,
hana fungu. Ndivyo ilivyo, naye hakulalamika.
Alikuwa jikoni. Mtaani wana neno moja la kumwita,
neno lile lile ninalofundisha kidato cha kwanza
kila Januari, nikilipa darasa mgongo:
namba tasa.

Usiku nikaigeuza stakabadhi.
Namba ile ilinikera. Itamke: mia tano na kumi,
mia tano na kumi, kama mtu anayepiga hodi mara mbili.
Kwa saba ikakatika bila chenga.
Kwa kumi na moja. Kwa kumi na tatu.
Nikabaki na hodi moja, mia tano na kumi tu.
Kumi na saba akaingia humo, akaacha thelathini,
na thelathini kila mtoto anaijua:
mbili, tatu, tano.

Tasa saba, wa kwanza mpaka wa saba,
wamepanga safu bila pengo, kila mmoja mara moja.
Ndiyo maana nane iligoma.
Nane hutaka mbili mara tatu,
na humu mbili yuko peke yake.

Nikaipeleka jikoni.
"Shangazi, mali yote ya baba imezaliwa na tasa."
Akanitazama kama anayeonja chumvi.
"Hii tu?"
"Kila namba, ukishaipita moja.
Ama ni tasa yenyewe, ama imezaliwa nao."
Akafungua pindo la kanga, akatoa shilingi,
kuukuu, akaiweka juu ya karatasi.
"Na sasa?"

Sasa hakuna hata mmoja wa wale saba anayeingia.
Kila utakayemjaribu anaacha moja mlangoni,
shilingi ile ile.
Nikadhani: basi hii ni tasa.
Nikataka iwe. Wallahi nilitaka.

Kumi na tisa akaipasua palepale.
Ikabaki elfu ishirini na sita, mia nane sitini na tisa.
Nikamjaribu ishirini na tatu, nikamjaribu ishirini na tisa,
thelathini na moja, utambi unapungua,
jogoo wa kina Mbarouk akawika niko sabini na tatu,
themanini na tisa akakataa,
tisini na saba akaingia, na nyuma yake
mia mbili sabini na saba, mzima, hakatiki.

Alfajiri nikamkuta uani, anatandaza makonyo.
Nikamwambia: si tasa.
Lakini ndani yake wamo watatu
ambao hawakuwamo katika wale saba.
Na ukiwazidisha wote kumi, ukaongeza moja,
watatoka wengine tena. Hawaishi, Shangazi.

Akayageuza makonyo kwa wayo, taratibu,
upande uliolala ukatazama juu.
"Kumbe wako wengi," akasema.
Akanyoosha mkono.
"Basi nirudishie shilingi yangu."